Uvimbe wa ovari una ukoo: kusoma majibu ya kinyama

Ndoo ilifika kwa basi kutoka Makete. Ilikuwa ndoo ndogo ya rangi iliyooshwa, mfuniko umezungushiwa plasta mara tatu. Ndani mlikuwa na uvimbe wa ukubwa wa papai, na kwenye fomu kulikuwa na maneno matatu tu: uvimbe wa ovari. Umri haukuandikwa, upande haukuandikwa, wala hapakuwa na neno lolote kuhusu hedhi. Tulipobandua plasta, harufu ilituambia yote kabla hata ya kushika kisu. Aliyeufunga alitia maji ya dripu badala ya fomalini, na siku mbili za njiani zilitosha kuuozesha. Yule mama alikuwa ameshapasuliwa na uvimbe umeshatoka, lakini ulikuwa uvimbe gani, hakuna atakayejua tena.

Nafanya kazi hapa Mbeya kwenye maabara ya vinyama, yaani vipande vya mwili vinavyotolewa ili vipimwe, na swali ninaloulizwa zaidi dirishani ni moja: "Ni kansa au si kansa?" Ni swali la haki. Ila kwa ovari, yaani kifuko cha mayai cha mwanamke, kabla ya kulijibu hilo kuna lingine la kuuliza: uvimbe huu umezaliwa na seli ipi? Ukishajua mzazi wake, mengi yaliyobaki unaweza kuyakisia: utakua haraka au polepole, utajibu dawa au hautajibu, utarudi baada ya miezi sita au baada ya miaka ishirini. Uainishaji wa Shirika la Afya Duniani, uliotoka kwa mara ya kwanza kwa uvimbe wa ovari mwaka 1973 na ambao toleo lake la tano kwa viungo vya uzazi vya kike ni la mwaka 2020, una majina makumi kwa makumi. Yanatisha, lakini chini yake kuna koo chache tu.

Ovari ya mwanamke aliye kwenye umri wa kuzaa ina urefu wa sentimita tatu hivi. Katika nafasi hiyo ndogo wanaishi majirani watatu. Wa kwanza ni utando mwembamba wa nje. Wa pili ni seli za uzazi zenyewe, yaani zile zinazokuwa mayai. Wa tatu ni seli walezi: zinazolizunguka yai, zinazotengeneza homoni, pamoja na nyama inayoshikilia kila kitu mahali pake. Kila jirani anaweza kuota uvimbe wa aina yake. Na mara nyingine mwenye uvimbe si mwenyeji kabisa, ni mgeni aliyesafiri kutoka tumboni au kwenye utumbo.

Ukoo wa utando ndio unaobeba takriban asilimia 90 ya saratani za ovari, hasa kwa wanawake waliokaribia kukoma hedhi au waliokwishakoma. Huo ndio unaoandikwa kila mahali, kwa hiyo sitakaa nao sana. Niseme tu kwamba ile aina yake kali na ya kawaida zaidi, sasa tunajua kwamba mara nyingi huanzia kwenye ncha ya mrija wa uzazi, sio kwenye ovari, kisha ikaidondokea ovari na kulipa jina baya jirani asiye na kosa. Hawa wengine wachache ndio wanaotukalisha kwenye hadubini hadi jioni.

Watu wa Mbozi wanajua kupanga kahawa: AA, A, B, na ile PB ya punje moja ya mviringo. Wanapanga kwa ukubwa, kwa chekeche, na mnunuzi anaridhika. Uvimbe wa ovari ukiupanga kwa ukubwa utapotea. Nimewahi kupokea kifuko cha ute kilichojaza beseni la kufulia, chenye uzito wa mtoto wa mwaka mmoja, na majibu yakatoka kwamba hakina ubaya wowote. Wiki hiyohiyo kikaja kidubwana cha sentimita sita kutoka kwa binti wa sekondari, nacho kilikuwa hatari kuliko vyote vilivyokuwa mezani.

Kahawa nimeitaja kwa sababu nyingine pia. Chukua punje ya buni, uigeuze upande bapa: kuna mfereji unaopita katikati. Sasa weka kwenye hadubini kipande cha uvimbe wa granulosa, ulio maarufu zaidi katika ukoo wa seli walezi. Viini vya seli zake vimepauka, vina umbo la yai, na kila kimoja kina mfereji katikati. Vitabu vya patholojia dunia nzima vinaviita viini vya punje ya kahawa, na mwanafunzi aliyekulia Vwawa akivitazama mara moja havisahau. Kuna na alama ya pili: seli zinajipanga duara kuzunguka tone dogo la waridi, kama watu wa Uporoto wanavyolizunguka jiko la mkaa mwezi wa Julai. Maduara hayo yanaitwa miili ya Call-Exner, kwa majina ya Emma Call na Siegmund Exner walioyaeleza mwaka 1875.

Seli za granulosa kazi yake ni kulea yai na kutengeneza estrojeni, homoni ya kike. Zikigeuka uvimbe, nyingi haziachi kazi hiyo. Ndiyo maana mama wa miaka 58, aliyesahau hedhi miaka minane iliyopita, anaanza kutoka damu. Nyumbani watasema hedhi imemrudia. Zahanati watafikiria mlango wa kizazi, na ni sawa waufikirie, maana saratani hiyo ndiyo tunayokutana nayo zaidi. Lakini mlango ukiwa safi na damu bado inatoka, lazima mtu apande juu akaziangalie ovari, na autazame pia utando wa kizazi, kwa sababu estrojeni nyingi huunenepesha na wakati mwingine huzaa saratani ya pili humo. Kwa mtoto wa kike mambo yanakuja kinyume: matiti na damu kwa msichana wa miaka sita. Hiyo ni granulosa ya utotoni, ambayo kwenye hadubini inafanana kidogo tu na ya watu wazima, na ile mifereji ya buni kwa kawaida haina.

Mwaka 2009 watafiti wa Vancouver, Kanada, waligundua kwamba karibu kila granulosa ya watu wazima ina kosa lilelile moja kwenye jeni iitwayo FOXL2. Herufi moja tu imebadilika. Katika saratani, ambako kwa kawaida jeni huvurugika kama mzigo uliomwagika mteremko wa Kitonga, jambo hilo ni la ajabu.

Hapa ndipo mwanafunzi hujikwaa, na mimi nilijikwaa. Kuna uvimbe mwingine, wa Brenner, ulioelezwa na Fritz Brenner mwaka 1907, nao una viini vyenye mfereji wa buni. Ni wa ukoo wa utando, seli zake hukaa vikundi vikundi zikifanana na ngozi ya ndani ya kibofu cha mkojo, na karibu siku zote hauna ubaya. Mfereji ni uleule, ukoo ni mwingine kabisa. Kinachoamua ni kutazama ujirani: seli zimejipangaje, zimezungukwa na nini, na zikitiwa rangi za kingamwili zinaitika vipi. Granulosa huitika kwa rangi ya inhibini, homoni ya seli walezi, Brenner haiitiki. Alama moja peke yake haitoshi kutoa hukumu, na ukiona ripoti imeegemea alama moja, omba slaidi, vile vioo vya hadubini, zisomwe upya.

Walezi wana watoto wengine wawili wa kueleza. Sertoli-Leydig ni uvimbe adimu wa wanawake vijana, wengi wakiwa kwenye miaka ya ishirini. Baadhi yao hutoa homoni za kiume. Hedhi inakata, ndevu zinaota, sauti inakuwa nzito. Mtaani hadithi zinatangulia, nani kamloga na kwa nini, na dada wa watu anajifungia ndani au anajifunika mtandio hadi machoni. Uvimbe ukitolewa hedhi hurudi, ndevu hupungua, ila sauti ikishakuwa nzito huenda isirudi, na hilo ni vizuri mgonjwa aambiwe mapema. Wengi wa wagonjwa hawa wana hitilafu kwenye jeni ya DICER1, ambayo inaweza kurithiwa na kuambatana na uvimbe wa tezi ya shingo au uvimbe wa mapafu kwa watoto wadogo wa familia hiyohiyo. Kwa hiyo majibu ya dada yanaweza kuwa habari za wadogo zake pia.

Wa pili ni fibroma, nao natamani kila daktari wa wilaya aufahamu. Ni nyama ngumu, nyeupe, ukiikata inasikika kwenye kisu kama unakata muhogo mkavu. Haina ubaya. Lakini wachache wenye fibroma hujaa maji tumboni na maji kifuani, mara nyingi upande wa kulia. Sasa fikiria mama huyu amefika hospitali: amekonda, tumbo limejaa maji, kifua kimejaa maji. Wa kwanza atasema kifua kikuu. Wa pili, akiona na uvimbe kwenye altrasaundi, atasema kansa imeshasambaa, mrudisheni nyumbani. Joe Vincent Meigs wa Boston aliandika mwaka 1937 kuhusu wagonjwa saba wa namna hiyo: uliondolewa uvimbe, maji yakakauka yote. Hali hiyo ina jina lake hadi leo. Sisemi kila mwenye maji ana fibroma, wengi hawana. Nasema maji peke yake hayaandiki hukumu, na kupima maji hayo kama yana seli za saratani ni kazi ya siku chache.

Kinyume chake nacho kipo. Kifua kikuu cha tumbo huweza kuigiza saratani ya ovari kwa kila kitu, hadi kile kipimo cha damu cha CA-125 kikapanda. Nimesoma slaidi za "saratani ya ovari" ambazo zilikuwa na vinundu vya TB mwanzo hadi mwisho.

Tuje kwa seli za uzazi. Mtoto wao wa kawaida kuliko wote ni teratoma iliyokomaa, na huyu hahitaji hadubini kukushtua. Tunaipasua kwenye trei: nje ni kifuko laini kama yai lililochemshwa, ndani kuna mafuta. Mwilini mafuta hayo ni maji, lakini yakikaa kwenye baridi ya Mbeya yanaganda kama samli ya asubuhi. Ndani ya mafuta kuna nywele zilizoviringana, nyeusi, ndefu wakati mwingine kuliko za mwenyewe. Ukizisafisha kwa maji unakuta kinundu kwenye ukuta wa kifuko, na hapo ndipo zilikoota. Mara nyingine pana jino, limekaa sawasawa, na gego linajulikana kuwa gego. Kinundu hicho lazima tukikate na kukisoma, kwa sababu kama kuna ubaya umejificha, mara nyingi uko hapo. Kwa wagonjwa wachache mno hukutwa saratani ya ngozi.

Hii ndiyo inayozaa maneno mengi. Nimeshaulizwa na bibi mmoja kama mjukuu wake alitoa mimba, na nimeshaulizwa na kijana kama mchumba wake alikuwa na pacha tumboni tangu kuzaliwa. Hapana, yote mawili. Yai limebeba ndani yake maelekezo ya kujenga kila aina ya nyama: ngozi, nywele, meno, mfupa, ubongo. Mara chache yai huanza kujenga lenyewe, bila mbegu ya mwanaume, bila mpango. Hutokea kwa mabinti ambao hawajamjua mwanaume. Kuna hata teratoma ambayo nyama yake kubwa ni ya tezi ya shingo, goita iliyoota kwenye ovari, na ukizingatia jinsi nyanda zetu za juu zilivyosumbuliwa na goita kabla ya chumvi yenye madini joto, wazee wakisikia hili hucheka kwa uchungu.

Teratoma changa ni habari nyingine. Humo nyama hazijakomaa, na tunachotafuta ni mirija midogo ya ubongo wa kijusi. Tunahesabu imeenea kiasi gani kwenye slaidi moja, na kiasi hicho ndicho kinachosema daraja na kama mgonjwa atahitaji dawa. Ndiyo maana uvimbe wa sentimita 15 tunaukata vipande kumi na tano au zaidi, walau kimoja kwa kila sentimita. Anayekata vitatu ili awahi daladala ya Uyole anaweza kuuruka ubaya wote.

Katika ukoo huu kuna wengine watatu ambao damu inaweza kuwasaliti. Disjeminoma, yenye seli kubwa zilizopauka kama mayai ya kukaanga na limfosaiti, chembe nyeupe za damu, zikipita katikati yake kama mipaka ya mashamba, hupandisha kimeng'enya cha LDH. Uvimbe wa kifuko cha kiini cha yai hupandisha AFP, kipimo kilekile kinachotumika kwa saratani ya ini, na kwenye slaidi tunatafuta mshipa mdogo wa damu uliovikwa seli na kukaa ndani ya kijishimo chake: mwili wa Schiller-Duval. Koriokasinoma hupandisha homoni ya mimba. Hapo pana mtego. Binti tumbo linakua, kipimo cha mkojo kinasoma mimba, yeye anaapa hajakutana na mtu, na nyumbani hakuna anayemsikiliza. Altrasaundi ya dakika kumi ingemtetea.

Huu ndio ukoo ambao jina sahihi lina thamani kubwa kuliko mahali pengine popote. Ni uvimbe wa wasichana na wanawake wadogo, unakua haraka, lakini unajibu dawa vizuri ajabu. Mchanganyiko wa bleomisini, etoposidi na sisplatini huwaponya wengi, hata ambao ugonjwa umeshatoka nje ya ovari. Na kwa sababu hiyo daktari mpasuaji kwa kawaida anaweza kutoa ovari moja tu na kuacha nyingine pamoja na kizazi. Ukidhani ni saratani ya kawaida ya utando ukamtoa binti wa miaka 19 kila kitu, umemwondolea uzazi bila sababu. Hilo halirekebishiki na rufaa yoyote ya Dar es Salaam.

Kuna mmoja mwingine, adimu sana na mkali sana, wa wanawake wa miaka ya ishirini, ambao seli zake ni ndogo na mara nyingi kalsiamu ya damu hupanda. Mwaka 2014 ilijulikana kwamba chanzo chake ni kuharibika kwa jeni ya SMARCA4. Ukipata kijana mwenye uvimbe wa ovari na kalsiamu iliyopanda, usingoje.

Wageni nao. Mjerumani Friedrich Krukenberg mwaka 1896 alieleza uvimbe wa ovari wenye seli zilizojaa ute, kiini kimesukumwa pembeni hadi seli ikafanana na pete yenye kito. Aliamini umezaliwa kwenye ovari. Baadaye ikaonekana kwamba kwa kawaida umetoka tumboni, kwenye saratani ya tumbo la chakula, na ovari ni kituo tu cha safari. Kwa hiyo jina lake limebaki kwenye kosa lake, na halijamdhuru. Sisi tumejifunza hivi: ovari zote mbili zikivimba, hasa kwa uvimbe wa ute, uliza kwanza habari za tumbo, utumbo na kidole tumbo. Na kwa mtoto kutoka maeneo ya joto na malaria, ovari zote mbili zikiwa zimevimba ghafla, kumbuka limfoma ya Burkitt, saratani ya chembe nyeupe za damu, ambayo haihitaji kisu kikubwa, inahitaji dawa na inazihitaji upesi.

Kuna pia kundi linalosumbua wasomaji wa majibu kuliko yote, la uvimbe wa mpakani. Seli zimezidi, zimejirundika, lakini hazijachimba kuingia kwenye nyama ya chini. Aliyewahi kusimama Tunduma pale barabarani, mguu mmoja Tanzania na mwingine Zambia, ataelewa. Sio kansa kamili, na sio salama ya kusahau. Ripoti ya namna hiyo daktari mmoja humweleza mgonjwa kwamba ni kansa, mwingine kwamba si kitu, na wote wawili wamemkosea. Ukweli ni kwamba wengi huishi vizuri baada ya upasuaji, na wanafuatiliwa kwa miaka.

Nikirudi kwenye ile ndoo ya Makete, nitasema ninachowaambia wanaotuletea mizigo. Uvimbe utoke mzima kadiri inavyowezekana. Ukipasukia tumboni, hata kama ulikuwa ndani ya ovari tu, hatua ya ugonjwa inapanda. Usitobolewe kwa sindano kutoa maji ili upite kwenye kidonda kidogo. Fomalini iwe nyingi, mara kumi ya ujazo wa nyama, na uvimbe mkubwa upasuliwe katikati, kwa sababu fomalini hupenya polepole na katikati huoza huku nje ikionekana nzima. Na kwenye fomu andika umri. Kama ninaruhusiwa kuomba kitu kimoja tu ni umri, maana koo hizi zinachagua miaka. Ukiongeza habari za hedhi, sauti na ndevu, na kama ni upande mmoja au miwili, umeshanifanyia nusu ya kazi.

Miaka michache iliyopita alikuja dirishani bibi mmoja kutoka upande wa Rungwe, amejifunga kitenge juu ya sweta. Nikamwamkia, akaitika marahaba mwanangu, akafungua fundo la khanga. Ndani mlikuwa na hati ya shamba la chai, kadi ya kanisa na karatasi moja iliyokunjwa mara nne, ya mwaka 1996. Alikuwa na uvimbe tumboni, na daktari aliyempasua aliandika kwamba umetokea kwenye utumbo, chanzo hakijulikani. Karatasi ya zamani ilikuwa imepigwa taipu, wino umefifia, lakini neno lilisomeka: granulosa. Ovari ya kushoto, imetolewa yote, hakuna matibabu zaidi.

Uvimbe wa granulosa unajulikana kwa hilo; unaweza kunyamaza miaka kumi, ishirini, kisha ukarudi mahali usipoutarajia, ukiwa haujabadilika sura. Nilirudi ndani na kuweka slaidi mpya chini ya lenzi. Nilikuwa nimeiangalia mara mbili siku iliyotangulia nikitafuta utumbo. Sasa nikaiona mifereji, punje kwa punje.